Makufuli Matatu ya Mzee Dadi

Kufuli la tatu lilipobonyezwa, Mzee Dadi alikuwa katikati ya sentensi, na kwa kuwa hakupenda kuacha sentensi njiani aliimaliza kwanza. Ndipo aliposikia kimya.

Alikuwa kwenye kona yake, nyuma ya shehena ya korosho, mwisho kabisa wa ghala la kijiji cha Mitole, amekaa juu ya magunia mawili yaliyotandikwa mkeka, kurasa zake mapajani. Akaziweka chini, akapapasa gizani mpaka mlangoni, akausukuma. Mlango ukamjibu kwa nje: kwa, kwa, kwa. Makufuli matatu, kila moja na sauti yake. Aliyafahamu kama mtu afahamuvyo kikohozi cha mkewe. La kwanza la Stefania, la pili la Yassini, na la tatu, lenye sauti nzito kuliko yote, lilikuwa lake mwenyewe. Ufunguo wake ulikuwa shingoni, kwenye uzi, unamgusa kifua.

"Klementi!" akaita. "Klementi, fungua!"

Klementi ndiye mlinzi wa ghala, mzee mwenzake. Sikio lake la kushoto lilikufa siku nyingi na la kulia lilikuwa njiani kulifuata. Mzee Dadi alipiga mlango kwa kiganja, kwa ngumi, mwisho kwa kisigino. Baada ya muda sauti ikatoka nje, yenye mashaka.

"Nani huyo? Kama ni mtu, sema. Kama ni shetani, zamu yangu imekwisha, ongea na wa jioni."

"Ni mimi, Dadi!"

"Dadi kaenda kwake kuvaa kanzu. Leo anaozesha."

"Siozeshi! Nimefungiwa!"

Klementi akasogeza sikio lake la kulia kwenye upenyo, akasikiliza, kisha akacheka mpaka ikabidi akae chini. Alikuwa na haki. Lile kufuli la tatu alilibonyeza yeye kwa mkono wake, maana alilikuta linaning'inia wazi, akadhani rafiki yake amesahau kwa haraka ya harusi. Makufuli yale yalikuwa hivyo: kufunga, mtu yeyote hubonyeza, kufungua, lazima mwenyewe.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi. Baada ya swala ya adhuhuri, huko Mitwero, pembeni mwa mji wa Lindi, safari ya saa tatu kwa gari, mjukuu wake Kidawa alikuwa anaolewa. Baba yake Kidawa alikwisha kufariki, na walii wake ni babu. Bila walii hakuna nikaha. Na nikaha hii ilikuwa imeahirishwa mara mbili tayari, mara zote mbili kwa ajili ya Mzee Dadi. Mara ya kwanza alimwita bwana harusi, kijana fundi majokofu kutoka Mtwara, akamuuliza, "Binadamu akiachwa bila serikali, huwa nani?" Kijana akajibu, "Huwa na njaa, mzee." Dadi akakaa na jibu hilo mwezi mzima kabla ya kutoa ruhusa. Mara ya pili alisema ana homa, kumbe amepata kurasa nne mpya. Safari hii wazee wa Mtwara walituma neno la wazi: tukija tusipomkuta walii, hatuji tena.

Kidawa mwenyewe alimpigia simu juzi. Hakulia, angelia ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Babu, wewe njoo. Hata kama hujamaliza kufikiri, njoo."

Sasa hizo kurasa. Mzee Dadi alistaafu utarishi wa posta pale Kilwa Masoko, shule yake ikiwa darasa la nne na kamusi moja. Siku moja alinunua karanga, akakuta zimefungwa kwa ukurasa wa kitabu kinene cha Kiingereza, habari za wenye hekima wa Ulaya wa miaka mia tatu, mia nne iliyopita. Kesho yake akarudi kununua tena. Inasemekana mwaka ule alikula karanga mpaka kuku walikuwa wakimfuata barabarani kwa harufu. Alipata kurasa sitini na moja, zisizofuatana. Majina ya wenye hekima yalikuwa yamelowa mafuta, hayasomeki, akawapa ya kwake.

Kulikuwa na Mfaransa wa Chumbani, aliyejifungia penye joto akatilia shaka kila kitu, hata mikono yake mwenyewe. Kulikuwa na Daktari, mpenda barua ndefu, aliyesema serikali ni kitu cha kuazimwa, wenyewe wakitaka hukidai. Kulikuwa na Msaga Vioo wa Uholanzi, ambaye watu wa dini yake walimtoa jamaani kwa kusema hakuna kitu kilicho nje ya Mungu. Ukurasa huo Dadi aliusoma akiwa na udhu, na hakumwonyesha sheikh. Lakini aliyempenda zaidi ni Mwingereza Mwoga, ambaye mama yake alimzaa kabla ya siku kwa kusikia merikebu za adui zinakuja. Huyo alisema watu wasipokuwa na mkubwa juu yao, kila mmoja huwa adui wa kila mmoja, na wote hulala jicho moja wazi. Ukurasa wake ulimalizika hivi: basi watu wakishachoka kuogopana, hufanya jambo hili... Na hapo ukakatika. Uliofuata ulifunga karanga za mtu mwingine.

Kwa nusu hiyo ya hekima ndivyo Mzee Dadi alivyoitawala Mitole.

Miaka mitatu nyuma magunia mawili yalipotea ghalani. Wakati huo kufuli lilikuwa moja na ufunguo ulikuwa kwa Yassini. Kwenye mkutano, Mzee Dadi alisimama akasema, "Mimi sisemi Yassini ni mwizi. Nasema binadamu ni mwizi, na Yassini ni binadamu." Watu wakacheka, wakapiga makofi, na tangu siku hiyo Yassini jina lake likawa Binadamu. Akipita sokoni, "Binadamu kapita." Akinunua sabuni, "Mpe Binadamu chenji yake."

Siku hiyo hiyo Dadi akatoa sheria yake. Makufuli matatu, watu watatu wasiopendana: Stefania, mama wa kwaya, ambaye hata padri humwogopa, Yassini mwenyewe, ili awe chini ya macho, na Dadi. Kanuni tatu. Mwenye ufunguo hampi mwingine, hata ndugu yake. Atakayevunja kufuli, hata kwa sababu njema, ni mwizi. Kanuni haibadilishwi mpaka wenye funguo wote watatu wasimame mahali pamoja.

Yassini aliinua mkono. "Na mtu akifungiwa ndani?"

"Mjinga gani," Mzee Dadi akasema, "atakayefungiwa ndani?"

Watu walicheka sana siku ile. Sasa ndani mlikuwa na giza, harufu kali ya korosho, na joto lililoanza kushuka kutoka kwenye mabati kama mtu anayeteremka ngazi taratibu, hana haraka, anajua utamngoja. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wahenga hawakusema akishaingia afanyeje.

Saa tatu kasorobo Mzee Dadi akasikia ngurumo ya kirikuu, ile gari ndogo ya mizigo ya Yassini, bomba lake limetoboka. Ndiyo gari ambayo ingempeleka Lindi. Alikubali kuipanda kwa sababu hapakuwa na nyingine, na alikusudia kukaa nyuma ili asiongee na dereva.

"Mzee Dadi, shikamoo," sauti ya Yassini ikapenya mlangoni, tamu kama asali iliyotiwa ndimu.

"Marahaba. Fungua lako, Yassini, halafu mtafute Stefania."

"Stefania kaondoka alfajiri na pikipiki, alipokwisha kubonyeza la kwake. Anakwenda kumsaidia shoga yake, mama yake Kidawa, kumenya vitunguu. Ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Tumempigia, yuko njiani anakaribia Lindi. Akigeuka sasa hivi, hapa hafiki kabla ya saa sita."

"Basi vunjeni!"

Klementi akakohoa. "Dadi, atakayevunja kufuli, hata kwa sababu njema..."

"Najua ni nini! Nimeiandika mimi!"

"Basi vizuri kama unajua," Klementi akasema kwa upole. "Mimi mlinzi. Nikivunja, nitaitwa mwizi mpaka siku ya kuzikwa. Tumeona hapa jina linavyomganda mtu."

Hakuna aliyemtaja Yassini. Haikuwa lazima.

"Ibadilisheni kanuni," Mzee Dadi akasema, sauti imepungua.

"Mpaka wenye funguo watatu wasimame pamoja," Yassini akajibu. "Mmoja yuko Lindi, mmoja yuko nje, mmoja yuko ndani. Sheria yako imekaza, mzee. Haina hata pa kupitisha kisu."

Waliokuja na Yassini walikuwa wawili, Ramadhani na Abdulrazak, nao wameshavaa kanzu zao za harusini. Ramadhani ndiye aliyesema lililokuwa la busara. "Mzee, si umuwakilishe mtu? Walii akikwama huweka wakili. Piga simu kwa sheikh."

Lakini sheikh wa Mitwero alikuwa hataki kusikia habari ya simu. Mwaka juzi kijana mmoja alijigeuza sauti akajifanya baba wa bibi harusi anayezungumza kutoka Pemba, na sheikh akaozesha; baba wa kweli alipotokea, sheikh alihamia kwa dada yake wiki mbili. Tangu hapo alikuwa na masharti: wakili aje mwenyewe, na mashahidi wawili waliomwona walii kwa macho, wakasikia kwa masikio, na walete kitu cha walii mkononi.

"Nani basi awe wakili?" Mzee Dadi akauliza, akifikiri upesi. "Ramadhani..."

"Mimi na Abdulrazak mashahidi. Na wanaume wengine wa kwenda Lindi hakuna, wote wa ukoo wako wameondoka jana. Gari ni ya Yassini, na Yassini ndiye anayeendesha."

Ghala likazidi kuwa dogo. Mzee Dadi akaegemea magunia. Ampe Yassini mamlaka ya kumwozesha Kidawa! Mtu yule angeweza kuharibu gari njiani kwa makusudi. Angeweza kufika akasema walii amekataa. Angeweza kusimama mbele ya wazee wa Mtwara akauma maneno mpaka wakaondoka. Asingehitaji hata kusema uongo, angechelewa tu. Kila njia ambayo Mzee Dadi mwenyewe angeitumia kulipa kisasi, aliiona.

"Mimi sijakataa," Yassini akasema. "Lakini sheikh yule haulizi jina, huuliza sifa. Atauliza, huyu wakili ni mwaminifu? Na mle ukumbini wamejaa watu wa Mitole. Watajibu nini? Binadamu? Mwizi hawi wakili wa nikaha, mzee. Nitakwenda, lakini kwanza useme mbele ya hawa kwamba mimi si mwizi. Na nikuone uso ukisema."

Uso ungeonekana mahali pamoja tu. Juu, karibu na paa, palikuwa na tofali la matundu la kuingizia hewa. Yassini akairudisha kirikuu nyuma mpaka ikagusa ukuta, yeye na mashahidi wakapanda bodi, wakawa usawa na tundu. Ndani, Mzee Dadi akaanza kupanga magunia kama ngazi, miaka sabini na mbili mgongoni. Akaburuta moja, akasimamisha jingine. Jasho lilimtoka kiasi kwamba panya wawili, wenyeji wa ghala, walihamia pakavu. Alipopanda mara ya kwanza paji lake tu ndilo lililofika tunduni.

"Hatutaapia paji la uso," Abdulrazak akasema. "Ongeza."

Magunia ya karibu yalikuwa yamebanana, hayatoki. Akakumbuka mawili ya kona yake, kiti chake cha kusomea. Miaka yote alidhani ni magunia ya makapi, alipoyakuta pale nyuma aliyatandika mkeka bila kuyatazama. Akavuta mkeka. Akaliburuta la kwanza kuelekea kwenye mwanga mwembamba wa tundu, akaliinamisha, na mdomo wa gunia ukamgeukia.

Lilikuwa limeshonwa kwa uzi mwekundu.

Mzee Dadi akasimama hapo, mikono imeshika gunia kama mtu aliyeshikwa mkono na maiti. Uzi mwekundu ulitumika msimu mmoja tu. Mwaka ule uzi wa katani uliisha, wanawake wakashona magunia kwa uzi wa nyavu uliotoka Kilwa Kivinje, mwekundu kama pilipili, wakacheka kwamba korosho za Mitole zimepakwa rangi ya mdomo. Mwaka ule ndio mwaka wa magunia mawili. Akalivuta la pili. Uzi mwekundu.

Miaka mitatu. Miaka mitatu aliyakalia, akisoma ubaya wa wanadamu.

"Mzee, umezimia?" Klementi aliita kutoka chini.

"Napanga," akajibu.

Aliyapanga. Ilibidi. Akakanyaga juu ya nyuzi zile nyekundu, akapanda, akafika tunduni. Nje mwanga ulimpiga, na matundu yalikuwa madogo, waliweza kumwona kwa vipande: jicho, kipande cha pua, ndevu. Yassini alikuwa karibu kiasi cha kunusana. Alikuwa amenyoa vizuri, kanzu imepigwa pasi. Hakuwa anatabasamu tena.

Hakuna aliyejua. Hilo ndilo alilolifikiria kwanza, na lilikuja haraka mno. Angeweza kusema, "Yassini si mwizi, nimemsamehe," yakaisha, akazirudisha zile korosho za zamani chini kabisa ya shehena ambako mchwa wangezihukumu. Mwingereza Mwoga angemwelewa. Daktari je? Daktari angeandika barua ndefu. Akamkumbuka Msaga Vioo, yule wa hakuna kitu kilicho nje ya Mungu. Kama hakuna kilicho nje Yake, basi hata hili ghala lililofungwa makufuli matatu liko ndani Yake, na magunia, na mkeka. Mzee Dadi hakuwahi kuona wazo hilo kuwa la kutisha. Aliliona leo.

"Ramadhani," akasema. "Abdulrazak. Mnaniona?"

"Tunakuona, mzee. Vipande."

"Yale magunia mawili nimeyakanyaga sasa hivi. Yana uzi mwekundu. Yalikuwa nyuma huku, na mimi ndiye niliyekuwa nayakalia. Yassini hakuiba. Hakuna aliyeiba. Mimi nilimwita mwizi mtu msafi."

Ramadhani alianza kucheka, akaona hakuna mwenzake, akameza. Bomba la kirikuu lilikuwa likikohoa chini yao.

"Mwanangu alipokwenda kuposa Kivinje," hatimaye akasema, polepole, "walimuuliza, wewe ni mtoto wa Binadamu? Akarudi bila jibu. Hajaniambia mpaka leo. Niliambiwa na mshenga."

Mzee Dadi akalifumba lile jicho lililoonekana tunduni.

"Saa tatu na nusu," Abdulrazak akakumbusha.

"Sema maneno," Yassini akasema.

Mzee Dadi akashika tofali kwa vidole. "Mimi Dadi, walii wa Kidawa, nimekuwakilisha wewe Yassini umwozeshe mjukuu wangu kwa yule kijana fundi majokofu, kwa mahari waliyopatana, kama vile ningemwozesha mimi."

"Nimekubali uwakilishi."

"Mashahidi?"

"Tumeona, tumesikia."

"Na kitu cha walii?" Yassini akauliza.

Mzee Dadi akauvua uzi shingoni. Ufunguo ulikuwa na joto la mwili wake. Akausukuma tunduni.

Yassini aliutazama bila kuupokea. "Kanuni ya kwanza je? Mwenye ufunguo hampi mwingine, hata ndugu yake."

"Nimeivunja mimi. Chukua. Na huko umwambie Stefania akupe na wake, uje unitoe."

"Stefania hampi mtu hata chumvi."

"Mwonyeshe wangu."

Ufunguo ukatoka. Kwa mara ya kwanza tangu uanze kuvaliwa, kifua cha Mzee Dadi kilikuwa tupu, na alihisi baridi mahali pale katikati ya joto lote lile.

Yassini alikuwa ameshashuka garini, kisha akarudi juu, akaweka mdomo tunduni. "Mzee. Ule ukurasa wako wa Mwingereza, uliokatika. Unaousimulia kila siku kwamba uliofuata ulifunga karanga za mtu mwingine."

"Ehe?"

"Karanga zile nilinunua mimi."

Mzee Dadi alikaribia kuanguka. "Ulisema nini? Wakishachoka kuogopana, hufanya nini? Yassini! Hufanya nini?"

"Nikirudi," Yassini akasema, na kirikuu ikaondoka ikinguruma.

Siku ile jua halikutembea juu ya Mitole, lilikaa. Mabati yalilia yakitanuka. Klementi alitengeneza mrija kwa bua la jani la mpapai, akaliingiza tunduni, akamimina uji kwa upande wake, na Mzee Dadi akaupokea kwa upande wa pili, mdomo wazi kama kinda.

"Uliona wapi mfalme akinyonyeshwa?" Klementi akauliza kutoka kwenye ngazi.

"Mimina, acha maneno."

Saa saba ilipopita, Klementi alikwenda kwenye kichuguu, mahali pekee ambapo simu hukamata mtandao, akarudi. "Umelala. Hakuna hata alama moja." Akaenda tena, akarudi tena. Hakuna aliyejua kama Kidawa ameolewa au amekaa kwenye mkeka na hina yake, anatazama mlango.

Mzee Dadi aliswali. Baadaye hakukaa juu ya gunia lolote. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akajaribu kufanya kama yule Mfaransa wa Chumbani, kutilia shaka kila kitu mpaka kibaki kimoja kisichotikisika. Alitilia shaka kirikuu. Alitilia shaka barabara ya Lindi, sheikh, wazee wa Mtwara, Stefania. Kazi hiyo ilikuwa rahisi, alikuwa na mazoezi. Lakini kila alipofika kwa Yassini alikuta shaka yake haina pa kushika. Mtu aliyetukanwa miaka mitatu akaendelea kuja alfajiri kufungua kufuli lake, siku haikosi, huyo utamtilia shaka kwa lipi? Isipokuwa kwamba leo alikuwa na sababu. Leo alikuwa na ufunguo wake mwenyewe na wa Dadi, na Stefania akikubali, atakuwa na zote tatu.

Mtu mmoja, funguo zote tatu. Kwa miaka mitatu Mzee Dadi aliweka makufuli, kanuni, mikutano na karanga zote zile ili jambo hilo lisitokee kamwe katika Mitole. Na sasa, amekaa sakafuni katika harufu ya korosho, ndevu zina uji, alikuwa akimwomba Mungu kwa moyo wake wote litokee.

Saa kumi na mbili kasoro, mwanga wa tundu umegeuka rangi ya chungwa, akasikia kikohozi. Kwanza alidhani ni cha Klementi. Kisha kikawa bomba lililotoboka.

Hatua zikaja mlangoni. Kufuli la kwanza, la Stefania, likalia, likafunguka. La pili likalia, likafunguka. Halafu kimya.

"Yassini?"

"Naam, mzee."

"Kaolewa?"

"Kaolewa. Sheikh aliniuliza, wewe ni nani kwa bibi harusi? Nikamwambia, mimi ndiye yule mwizi, na walii kafungwa na kufuli lake mwenyewe. Wazee wa Mtwara walicheka mpaka wakasahau kukasirika. Wakaniuliza habari zote, nikawapa. Na ya uzi mwekundu nikawapa. Kila mtu Mitwero anaijua sasa, mpaka wapishi."

"Na Kidawa?"

"Alicheka akalia. Kanipa pilau yako, iko hapa kwenye bakuli. Kasema babu ale kwanza, afikiri baadaye."

Mzee Dadi akauweka uso wake kwenye mlango. Bati lilikuwa bado na joto la mchana. "Na Stefania, alikupaje?"

"Nilimwonyesha wako. Akautazama, akautazama, akafungua pindo. Kasema keshokutwa tukutane wote watatu, ana neno juu ya kanuni."

Kufuli la tatu lilikuwa bado kimya. Mzee Dadi alisikia ufunguo ukichezewa mkononi. Alijua angeweza kuachwa pale mpaka kesho, na hakuna mtu Mitole nzima ambaye angemlaumu Yassini, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

"Yassini, mwanangu," akasema. "Huo ukurasa. Wakishachoka kuogopana, hufanya nini?"

Nje, Yassini akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mzee Dadi, mimi Kiingereza nakijulia wapi? Nilikula karanga, nikatupa karatasi."

Na kufuli zito likafunguka.